Koilova au shokapu za kawaida? Uzoefu wangu na WRX barabara za Kampala

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, gia za manyuo, injini ya EJ20 yenye tabo, rimu 17 na tairi 215/45. Naiendesha kila siku ya Mungu, asubuhi Kira mpaka mjini, jioni narudi, wikendi Jinja ama Masaka. Nasema hivyo mapema manake hili swali la kutoa saspensheni ya kiwandani uweke koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, unaweza kurekebisha kimo cha gari), jibu lake linategemea gari inaishi wapi, na yangu inaishi kwenye foleni, matuta na vumbi. Kwa maisha hayo nimebaki na ya kiwandani, ila mpya, na sijutii hata shilingi.

Sa kuna kitu watu wanasahau. Hizi Impreza za umbo hili Subaru waliacha kuzitengeneza 2007, na tangu 2018 sheria ya hapa Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo zilizopo huku ndo hizohizo zinazunguka kutoka mkono hadi mkono, na shokapu mara nyingi ni zilezile zilizokuja nazo melini. Mtu ananunua, anaendesha wiki moja, gari inayumba kwenye kona, anasema Subaru wameweka saspensheni laini sana hawa. Hapana bwana, wewe hujaendesha saspensheni ya Subaru, umeendesha maiti yake.

Yangu ilikuwa ikipita tuta mkia unaendelea kucheza juu chini kabla haujatulia, mbele kushoto kuna ko-ko-ko kila nikigusa shimo, na ukikanyaga breki kwa nguvu usukani unavuta upande. Nilikuwa nishaanza kuulizia bei za koilova. Fundi wangu wa Ndeeba, mzee mmoja mpole hivi, akapandisha gari kwenye stendi, akachomeka mtaimbo kwenye bushi (ile raba ya kwenye maungio) ya nyuma ya ami ya chini, ule mkono unaoshika tairi, akasukuma kidogo tu, raba ikafunguka mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Akaniangalia akasema, "Ssebo, hizo koilova unataka kuzifunga kwenye hii?" Sikuwa na jibu.

Basi tukakubaliana: shokapu nne mpya za KYB za gesi, kimo cha kiwandani, mauntingi za juu zote nne, bushi za ami mbele, bushi za nyuma, na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia bodi kulala kwenye kona. Springi nikaacha zilezile. Jumla ya yote, pamoja na kazi ya fundi, haikufika pesa ya seti moja ya koilova nzuri, na nazungumzia koilova za kweli, sio zile zinaitwa koilova kwa sababu zimepakwa rangi nyekundu.

Kuhusu kununua, soko la Kisekka utapata kila kitu lakini fungua macho. Shokapu za mtumba zinaoshwa zinapigwa rangi zinang'aa kuliko mpya, so usiangalie rangi, angalia ile fimbo inayoingia na kutoka: ikiwa na vidoa vya kutu ama mikwaruzo, sili ya mafuta haitadumu. Pitisha kidole pale fimbo inapoingilia, ukikuta mafuta rudisha. Ya gesi nzima ukiibonyeza mpaka chini ukaiachia inapanda yenyewe polepole bila kukwama, hiyo ya kulala palepale haina gesi, acha muuzaji aseme anachosema. Na feki za KYB ziko, nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Sehemu ya kufunga ndo nataka mnisikilize vizuri, manake hapa ndo pesa za watu zinapotelea. Bushi ya raba ya kiwandani haizunguki kama beringi, ule mkebe wa ndani unabanwa na bolti hausogei na raba yenyewe ndo inajinyonga ami ikipanda na kushuka. Sasa fundi akikaza bolti wakati gari iko hewani na tairi zinaning'inia, bushi inakuwa imekazwa ikiwa kwenye kona ya chini kabisa, alafu ukishusha gari chini inabaki imejinyonga muda wote hata ukiwa umepaki, na haikawii kupasuka. Halafu utasikia "spea za siku hizi mbovu". Mzee wangu alifunga bolti zote kwa mkono tu, akashusha gari ikakaa kwa uzito wake, akaisukuma kidogo mbele nyuma ijipange, ndo akaingia chini na spana kukaza. Kazi inachukua muda mrefu zaidi na chini pale ni kubanana, mafundi wengi hawapendi, lakini simama hapo hapo udai hivyo. Kitu kingine, ile bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele na habu, kwenye hizi Subaru haiko duara kamili, ndo inarekebisha tairi ilale ndani au nje, so iwekwe alama kabla haijafunguliwa. Hata hivyo alaimenti ni lazima baadaye, na iwe mbele na nyuma, sio mbele peke yake kama wengi wanavyofanya.

Matokeo sasa. Barabara ya Entebbe Expressway, ukishalipa elfu tano yako, kwenye 100 ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa, gari imetulia mkono mmoja. Lakini pale sio mtihani, lami ile hata Vitz inatulia. Mtihani ni barabara ya Jinja, ukipita Mabira kuna zile kona ndefu zenye lami iliyobonyezwa na malori, zamani katikati ya kona tairi ikigusa bonde gari inaruka hatua moja pembeni na moyo unaruka nayo, sa hivi inapita bonde inashuka inapanda mara moja basi, usukani hauna habari. Lugazi kwenye matuta, kule kwenye miwa na malori ya Malaba, napita bila kufunga macho. Na ile ko-ko-ko imekufa kabisa, kumbe nusu ya "ugumu" niliokuwa natafuta ulikuwa kwenye bushi.

Rafiki yangu ana gari kama hii hii, yeye ameweka koilova na ameshusha sana tu. Nimeendesha yake, na nisiwe mnafiki, kwenye lami safi ni tamu, ukigusa usukani pua inaingia hapo hapo na bodi hailali. Tatizo ni kilomita zingine zote. Mjini anapita tuta kwa mshazari kama anapanda ngazi, boda wanampigia honi, na bado chini panasugua. Mnakumbuka 2023 watu walivyoweka maonyesho ya mashimo ya Kampala mtandaoni? Yeye anayajua kwa majina. Kwenye vumbi la kwenda kwake ndo vibaya zaidi, springi ni ngumu mno kiasi kwamba tairi haifuati barabara, inadunda juu ya mawe, na tairi ikiwa hewani haina gripu, hata uwe na fowili na tabo ngapi.

Na kushusha kwenyewe kuna hesabu watu hawaambiwi. Impreza ina strati kote, yaani shokapu inayobeba springi na kushika habu, mbele na nyuma. Ukiishusha sana, ami ya chini inapita mlalo inaanza kuangalia juu, na ile pointi ambayo bodi inalalia inashuka kwa kasi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Maana yake bodi inapata nguvu zaidi ya kulala, ndo inabidi uweke springi ngumu zaidi kuizuia. Unanunua ugonjwa pamoja na dawa yake. Nafasi ya shokapu kufanya kazi nayo imepungua, so shimo la kawaida tu inafika mwisho inagonga ile raba ya kuzuia. Angalieni gari za Pearl of Africa Uganda Rally, wale wanakimbia kuliko sisi sote na gari zao ziko juu, saspensheni inasafiri mbali. Kama wewe wikendi uko Busiika kwenye otokrosi, au una koilova za pesa nyingi na mtu anayejua kuzipanga kwa barabara zetu, sawa, endelea. Wengi wanazungusha ile klik ya kurekebisha ugumu mpaka ngumu kabisa siku ya kwanza na hawaigusi tena.

Kitu kimoja cha ziada nilichoweka ni stabilaiza ya nyuma nene kidogo. WRX ukiisukuma kwenye kona pua inapenda kwenda nje, hii imepunguza hiyo tabia vizuri sana. Hasara yake, tairi moja ikipanda tuta au shimo gari inatikisika kushoto kulia, kwa sababu stabilaiza inaunganisha pande mbili, nene zaidi ni mtikisiko zaidi, so usichukue ile nene kuliko zote. Na kama unataka ugumu kidogo bila kushusha gari, shokapu za Bilstein, B6 ni ya springi za kimo cha kiwandani, B8 ni ya springi fupi, msichanganye dukani.

Mapungufu yapo. Bodi bado inalala kiasi kwenye kona kali, picha za kupaki hazivutii kwa sababu kuna nafasi juu ya tairi, na nikibeba watu watatu nyuma na mizigo ya Masaka mkia unakaa chini, zile springi zimezeeka, zitafuata. Ila kabla ya springi naanza na tairi, manake hizi za sasa zimekakamaa na mvua ikinyesha Northern Bypass nazisikia. Ukienda kununua soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, wiki na mwaka, 2317 ni wiki ya 23 ya 2017, na tairi la namna hiyo hata likiwa na nywele zake zote mwachie mwenye duka.