dnsmasq ya libvirt kwenye seva ya ofisi, Tanga: uzoefu wangu

Naipa nyota nne dnsmasq hii inayotumiwa na libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi. Ofisi yetu iko Ngamiani, tunawatunzia wafanyabiashara hesabu, na seva ni moja tu ya Linux. Ndani yake KVM inaendesha mashine pepe kadhaa zilizokuwa zikitafutana kwa namba za IP. Namba ikibadilika, programu ya hesabu haioni tena hifadhidata yake. Ndipo nikataka ziitane kwa majina.

Mwenzangu alipendekeza tuandike 8.8.8.8, anwani ya DNS ya Google (huduma inayogeuza majina kuwa namba za IP), kwenye kila mashine. Sasa Google itaijulia wapi hifadhidata ya Ngamiani?

Kumbe dawa ilikuwa ndani. libvirt hutumia dnsmasq, programu huria ya Simon Kelley, inayogawa anwani kwa DHCP na kujibu maswali ya DNS papo hapo. Kwenye mtandao wa kawaida wa libvirt inakaa 192.168.122.1. Mashine inapoomba anwani hutaja na jina lake, na dnsmasq hulishika. Mimi nilifungua mipangilio ya mtandao huo kwa virsh, amri ya kusimamia libvirt (virsh net-edit default), nikaongeza mstari huu:

<domain name='ofisi.internal' localOnly='yes'/>

Hiyo localOnly ndiyo iliyonikosha. Jina la ofisi haliulizwi nje, hivyo masika yakishika na intaneti ikapotea, mashine zinaendelea kuonana kama kawaida. Msiweke .local, tangu 2013 imetengewa mDNS (njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutafutana kwa majina bila seva), na baadhi ya Linux hazitaiuliza dnsmasq kabisa. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga .internal mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani kama hii.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mabadiliko ya net-edit hayashiki mpaka uuzime mtandao na kuuwasha tena (net-destroy, kisha net-start), na mashine zilizo hewani zinaweza kubaki zimekatika. Fanyeni jioni watu wakishaondoka. Kama ni jina moja tu la kuongeza, virsh net-update hulipachika bila kuzima kitu.

Jambo lingine: mashine pepe zinajuana, lakini seva iliyozibeba haizijui. Kwetu hilo ni zito, kwa kuwa wafanyakazi huingia kwenye hesabu kupitia nginx, programu ya wavuti inayopokea maombi yao na kuyapeleka kwenye mashine ya hesabu, iliyo juu ya seva yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha libnss-libvirt, kisha ongeza libvirt_guest kwenye mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf, faili linaloiambia seva itafute majina wapi.

Hata hapo nginx ina ukaidi wake. Jina lililoandikwa kwenye proxy_pass, mstari unaoiambia ipeleke maombi wapi, hulitafuta inapowaka au inaposoma upya mipangilio yake tu. Isipolipata inagoma kuwaka, na anwani ikibadilika baadaye inang'ang'ania ya zamani. Kwa hiyo mashine ya hesabu nimeifungia anwani moja kwa MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao), na umeme ukirudi baada ya kukatika, nginx inawashwa ya mwisho.