Miezi 14 bila dawa: krimu ya 42,000 na uzi wa 500

Mpaka kidato cha nne nilikuwa nanyolewa, kama wasichana wengi wa shule za serikali. Matokeo hata hayajatoka, nikakimbilia saluni kuweka dawa ya kulaza nywele. Kwa hiyo nimefika miaka 31 bila kuzijua nywele zangu mwenyewe. Nilizijua zikiwa fupi kama za askari, au zikiwa zimelazwa.

Siku niliyoacha, dawa iliniunguza juu ya sikio. Nilisema inawasha, msusi akasema nivumilie, tukiosha mapema hazitalala. Vigaga vilikaa wiki nzima, na bei nililipa ileile.

Wengi walinishauri ninyoe nianze upya. Mimi nimenyolewa vya kutosha! Nikaziacha ziote, huku nikipunguza ncha za dawa kidogo kidogo. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo kwa muda mrefu unakuwa na nywele za aina mbili kichwani: kipilipili kwenye shina, za dawa kwenye ncha. Pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Mwezi wa nne nilikuwa naokota vipande kwenye mto.

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka Kariakoo kununua krimu ya 42,000, muuzaji akiniapia kwamba hata zile za dawa zitajisokota tena. Msidanganyike. Dawa huvunja viungo vya ndani ya unywele, na unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kujitengeneza. Zilizolala zimelala, tiba yake mkasi. Krimu yenyewe inanukia vizuri na inalainisha mpaka kesho yake asubuhi. Kwa bei hiyo, hapana.

Nikajaribu bamia. Chemsha kama kumi hivi, chuja ute wake kwa kitambaa, paka kabla ya kuchana. Chanuo linateleza kweli. Ila uweke kwenye friji na usiukalishe sana: mimi niliusahau siku sita, nikaupaka hivyohivyo, nikapanda daladala nanuka mlenda uliochacha.

Kitu nilichochelewa kukigundua ni maji. Ninapopanga, Mbagala, tunatumia kisima cha maji chumvi. Shampuu haitoi povu, nywele zinabaki kama makumbi. Siku hizi natenga nusu dumu la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kusuuzia mwisho, na mafuta ya nazi yaleyale niliyokuwa nayalaumu yameanza kufanya kazi.

Lakini kilichoniokoa ni uzi mweusi wa kusukia, 500 dukani kwa Mangi. Bibi alikuwa akiwasuka mama zetu kwa huo huo. Jioni nalowesha nywele kidogo, napaka mafuta, nagawa mafungu kama 12, kila fungu nalizungushia uzi kutoka shinani hadi nchani. Asubuhi nafungua, zimenyooka bila moto. Mafundo hakuna, na kipilipili na za dawa zinalala pamoja, chanuo halivutani na pale pa kukatikia. Ndani ya mwezi mmoja mto ulikuwa safi.

Usikaze kwenye paji la uso. Mara ya kwanza nilikaza mno, nikaamka macho yamevutika na vipele vimenitoka. Na kama una haya, usitoke nao nje. Jirani aliniuliza kama nimerudi jana kutoka kijijini.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alinikatia ncha za mwisho za dawa, barazani. Kumbe utosini zinajisokota kama springi ya kalamu, na juu ya masikio zinajikunja kivivu tu, kichwa kilekile. Zikilowa hazifiki popote, zikitoka kwenye uzi zinagusa kidevu.

Ule uzi wa kwanza bado ninao, umefubaa. Krimu imebaki nusu kopo, mdogo wangu anaipaka visigino.