Lenzi ya kukuza mara 10 katika kukagua risasi za bunduki: uzoefu wangu, Lubumbashi

Nina kibali cha kuwinda na bunduki moja ya .30-06 (aina ya risasi inayotumia), na tangu mwaka jana siingizi risasi yoyote chemba kabla haijapita chini ya lenzi ndogo ya kukuza mara 10, ile ile wanayoning'iniza shingoni wanajiolojia wa migodi yetu. Niliinunua hapa Lubumbashi baada ya ganda moja la risasi, yaani kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti, kukatika karibu na kitako nilipofyatua, gesi ikanirudia usoni. Boksi lile niliuziwa kuwa jipya kutoka kiwandani.

Kwa macho tu risasi zile zilikuwa safi, na maandishi ya kitakoni yalikuwa ya kiwanda kinachojulikana. Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu maandishi hayo humtaja aliyetengeneza ganda, wala hayasemi ni nani aliyelijaza baruti mara ya mwisho. Nilipozigeuza zilizobaki chini ya lenzi, katika jua la asubuhi, niliona ukingo wa kitako una mikwaruzo ya kucha ya bunduki, ile inayovuta ganda litoke chemba, mingine imepandana. Ubavuni kulikuwa na michirizi myembamba ya wima, ya aina inayoachwa na kalibu ya kubania ganda lililotumika lirudi katika umbo lake, na, jambo lililonitisha zaidi, juu kidogo ya kitako palizunguka pete inayong'aa, ambayo huweza kuonyesha kwamba shaba imevutika mahali hapo ikabaki nyembamba. Fataki mbili, vile vikofia vya kitakoni vinavyowasha baruti, zilikuwa za rangi tofauti na nyingine. Dalili hizo kwa pamoja zilinionyesha kwamba risasi zile hazikuwa mpya: maganda yalikwisha kufyatuliwa, kisha yakajazwa upya.

Sisemi kwamba kujaza risasi upya ni kosa; ni kazi ya heshima mikononi mwa mtu anayepima baruti kwa mizani na kuandika alichoweka. Ninachokataa ni risasi ambayo aliyeijaza hajulikani.

Kalipa (kifaa cha kupimia urefu) niliyoinunua pamoja na lenzi haikunisaidia sana: ganda la .30-06 halitakiwi kuzidi milimita 63.35, lakini lililorefuka kwa kufyatuliwa hupunguzwa likarudi katika kipimo. Lenzi nayo haioni ndani ya ganda, na risasi mpya iliyoingizwa na kutolewa bila kufyatuliwa hupata mikwaruzo pia. Ndiyo maana hutafuta dalili mbili au tatu kwa pamoja. Atakayenunua achague yenye kioo halisi, kwani ya plastiki hukwaruzika upesi mfukoni.