Taa kwanza, mipira baadaye: mwongozo wa kununua mapambo ya mti wa Krismasi yanayopatana

Mwaka jana nilinunua mapambo ya mti wa Krismasi kwa uangalifu ambao sikuutumia hata nilipokuwa nikinunua samani. Nilitandaza mezani, karibu na dirisha, mipira ya rangi ya damu ya mzee, mipira ya dhahabu na utepe wa mahameli, nikalinganisha hiki na kile mchana kutwa hadi niliporidhika kwamba vinapatana. Jioni nilipochomeka plagi, nusu ya chini ya mti iliwaka kwa unjano wa mshumaa, na nusu ya juu ikawaka kwa weupe wa ubuluu kama wa korido ya hospitali. Huko juu, damu ya mzee ilikuwa imegeuka rangi ya ini, na dhahabu ilifanana na shaba iliyopauka. Taa zilikuwa maboksi mawili, yaliyonunuliwa siku moja kwa muuzaji mmoja, na yote mawili yameandikwa neno moja tu: "nyeupe". Mti ukawa kama mtu aliyeshonewa koti kwenye jora moja na suruali kwenye jora jingine.

Kwa hiyo sitawachosha wasomaji kwa ushauri wa kuchagua rangi mbili au tatu, kwa sababu kila mtu anaujua. Nitazungumzia weupe wa taa, jambo ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka mti ukiwa umekwisha kupambwa.

Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni chembe inayotoa mwanga wa buluu, iliyofunikwa kwa fosfori ya njano, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo wa buluu kuwa wa njano, na kiasi na aina ya fosfori hiyo ndivyo vinavyoamua weupe utaelekea wapi. Kipimo chake ni kelvini. Taa ya kelvini 2700 hukaribia balbu ya zamani ya waya, ya 4000 husimama katikati, na ya 6000 na kuendelea huwa na ubuluu ulio dhahiri. Kinachowachanganya watu ni kwamba namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoitwa wa baridi zaidi. Nyekundu, dhahabu, shaba na krimu huhitaji taa za chini ya 3000, wakati fedha, buluu na nyeupe tupu hustawi kwenye zile za juu. Seti mbili zilizopishana kelvini mia chache hazitakusumbua zikiwa vyumba tofauti, lakini kwenye mti mmoja jicho hulibaini pengo hilo mara moja.

Ya kwanza katika orodha yangu ni Twinkly, kampuni ya Italia, na siufichi upendeleo wangu, ingawa taa zake nilizinunua kwa fedha zangu mwenyewe. Seti hizi huongozwa na programu ya simu, na kamera ya simu hutambua mahali ilipo kila taa mtini, hivyo unaweza kuurekebisha mwanga mpaka dhahabu yako irudi kuwa dhahabu. Hata hapa, hata hivyo, kuna mtego. Seti ya RGB hutengeneza weupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na weupe wa namna hiyo huyapa mapambo sura ya mgonjwa. Chukua RGBW, yenye taa nyeupe ya pekee ndani yake, au AWW, inayochanganya kaharabu (njano ya asali), weupe wa joto na weupe wa baridi. Bei yake ni kubwa, nami nimekwisha kulalamika vya kutosha nyumbani kuhusu bei hiyo.

Nafasi ya pili naipa seti ya kawaida isiyobadilika rangi, mradi boksi limechapishwa kelvini 2700 na maboksi yote yamenunuliwa pamoja, yakiwa na namba moja ya toleo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni taa 100 kwa kila sentimita 30 za urefu, yaani taa 600 kwa mti wa sentimita 180. Mimi naona hata 400 hutosha kwa mti mwembamba. Ongeza boksi moja la akiba, kwa sababu mwakani kiwanda hicho hicho kinaweza kuleta weupe mwingine chini ya jina lile lile.

Weupe wa baridi unashika nafasi ya tatu, kwa wenye mti wa fedha na buluu peke yake. Baada yake zinakuja taa za rangi mchanganyiko, ambazo zinadharauliwa bure. Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake jijini New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo rangi si uzushi wa juzi. Kama mapambo yako ni mkusanyiko wa miaka mingi usio na mpango, taa hizi zitauficha ugomvi wake. Taa za bei ya chini zisizo na namba yoyote kwenye boksi ziache dukani.

Mipira ichaguliwe taa zikiwa zinawaka. Ile ya kioo inayopulizwa kwa mdomo, kwa utamaduni wa mji wa Lauscha nchini Ujerumani, hupakwa fedha kwa ndani na rangi kwa nje, hivyo mwanga hurudi kutoka nyuma ya rangi, nayo huonekana ina kina. Mipira ya plastiki inafaa penye watoto na paka. Kwa rangi moja, nunua inayong'aa, isiyong'aa na yenye glita. Inayong'aa izame ndani karibu na shina, ambako itarudisha mwanga, na isiyong'aa ikae nje. Tazama pia kile kikofia cha chuma kinachoshika kitanzi, kwa maana kikofia cha fedha juu ya mpira wa dhahabu huonekana kama kifungo kilichoazimwa.

Kuhusu wauzaji, nina neno. Nilipoomba boksi lichomekwe kabla sijalipa, nilijibiwa, "Mama, nyeupe ni nyeupe." Niliporudi siku ya pili kubadilisha, nikaambiwa haiwezekani kwa kuwa nimekwisha kulifungua. Yaani kulifungua kabla ya kununua ni kosa, na kulifungua baada ya kununua nako ni kosa! Kelvini, zinapokuwapo, huchapishwa kwa herufi za ukubwa wa chawa chini ya mistari ya bei, kana kwamba ni siri ya kiwanda. Siku hizi nakwenda dukani na mpira mmoja wa dhahabu mkobani, na muuzaji asiyetaka kuwasha taa mbele ya mpira huo simpi fedha zangu.

Lile boksi la weupe wa ubuluu sasa linaangaza kabati la zana, ambako misumari inaonekana vizuri sana.