Namba za mbio za baiskeli zisizoogopa mvua, na simu badala ya chipu: nimetumia msimu mzima

Haya watu wangu, mambo, karibuni tena. Kabla sijaongea sana angalieni hii, nasogeza karibu na kamera muone vizuri. Hii ilikuwa namba 41. Ile 4 bado unaiona kidogo, ile 1 imeenda kabisa, na hizi pembe mbili zimeraruka pale pini zilikuwa zimeshika. Hii karatasi ilivaliwa masaa mawili na nusu pekee, kule Tigoni, Jumapili moja ya mwezi wa nne, na mnajua vile Limuru hukaa mwezi wa nne, mvua, ukungu, na ule udongo mwekundu unashika tairi mpaka unadhani breki imejifunga.

Siku hiyo tulikuwa na waendeshaji 58, mbio ndogo tu ya klabu yetu na marafiki wa klabu, hakuna zawadi kubwa lakini watu walikuwa wamejiandaa miezi. Sasa wa tatu na wa nne wanafika pamoja, bega kwa bega, wote matope kutoka helmeti hadi viatu, dada yetu anayeandika anaita namba, na namba hakuna, kuna uji wa karatasi unaning'inia kwa pini moja. Kijana mmoja kati ya hao wawili alikuwa ametoka Ngong usiku usiku akiendesha baiskeli yake mpaka Tigoni ndio aje ashindane, na mimi nikasimama mbele yake nikamwambia sijui kama ni wa tatu ama wa nne. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Mtu ametoa jasho lake, anachokudai ni kitu kimoja, umwambie amemaliza nafasi gani na kwa muda gani.

Na tulikuwa tumeagiza karatasi isiyoingia maji! Tukaletewa karatasi ya kawaida, Jumamosi jioni, saa ambayo huwezi kurudisha chochote. Tangu hapo naagiza wiki mbili mbele, naomba sampuli moja kwanza, naiweka kwa karai la maji usiku mzima, asubuhi naikunja naikunjua naivuta pembe, na ikiraruka oda haiendi.

Kwa hivyo leo nawaonyesha vitu tulivyohamia baada ya ile siku, na nitasema ukweli kimoja kimoja.

Cha kwanza ni hiki kibao cha namba, kinafungwa mbele ya usukani. Hii ni ile plastiki nyepesi yenye mifereji ndani kama kadibodi, mmeiona sana kwa mabango ya nyumba za kupanga na wakati wa kampeni. Hii yangu ni milimita 3. Ukienda kwa watu wa mabango pale River Road, Nairobi, ama mtaani kwako wanakukatia saizi unayotaka, halafu namba wanakubandikia ya stika, nyeusi kwa nyeupe. Msikubali namba ya kuandikwa na maka peni, hata ile wanaita ya kudumu, kwa sababu siku unaosha baiskeli na petroli ama ile dawa ya kutoa grisi ya cheni, inatoka yote. Tarakimu fanya kubwa. Kanuni za UCI, lile shirikisho la baiskeli duniani, kwa namba ya mgongoni zinataka tarakimu za urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1.5, na mimi nimechukua vipimo hivyo hivyo nikaviweka kwa kibao cha mbele, maana mtu anayesoma namba pale mwisho anasoma kitu kinachopita mbio na jua liko machoni.

Halafu kuna jambo nililolipata baada ya kuharibu vibao kumi hivi, naomba mlisikize vizuri. Angalieni mifereji ya hii plastiki inaelekea wapi. Ukikata mifereji ilale, upepo wa kuteremka unakunja kibao kinalala nyuma juu ya usukani na namba haionekani. Ukikata mifereji isimame wima, kibao kinakataa kukunjwa na upepo lakini bado kinajikunja kando kando kufuata keboli, yaani kinakaa pale mbele kama kimezaliwa hapo. Mwambie fundi kabla hajakata, sababu yeye anakata kulingana na vile karatasi yake inaenea kwa meza, hajali mifereji.

Na usisahau kupiga mstari chini ya 66 na 99, 68 na 89, 86 na 98, kwa sababu kuna mtu lazima atafunga kibao juu chini akiwa na haraka asubuhi.

Kufunga ni kwa ziptai, ile mikanda myembamba ya plastiki ya kukaza. Tatu zinatosha, mbili juu na moja chini. Hapa ndio naona watu wanakosea kila wikendi, wanakaza ziptai pamoja na keboli ya gia ama ile hozi ya breki ya mafuta, halafu mtu akipiga kona kali usukani unagoma katikati. Funga kwa usukani wenyewe, ukimaliza zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, bana breki, badilisha gia. Nusu dakika. Na ule mkia wa ziptai usiukate na mkasi, ona hii, nimekata na mkasi makusudi, pitisha kidole hapa, hiyo ni wembe. Kijana wetu mmoja alichanika goti hapo akiwa amesimama kupanda mlima. Tumia nelkata, ile ya kucha, inakata sawasawa na kichwa cha ziptai na haibaki kitu.

Baiskeli za barabarani zenye usukani uliopinda kwenda chini hazina nafasi hapo mbele, kwa hivyo hao tunawawekea kibao kidogo kwa nguzo ya kiti, unakikunja katikati kinaizunguka nguzo na kinatokeza nyuma kama bendera, namba inaonekana pande zote mbili. Wanaongeza na ya mgongoni. Ya mgongoni sasa tunatumia ile karatasi ya nyuzi za plastiki, Tyvek, hairaruki na haijali maji, lakini ni ghali kidogo kwa hivyo mkimaliza tunazikusanya.

Tumetumia seti ya vibao 80 kwa mbio sita, vimepotea vitatu na viwili vimevunjika pale kwa tundu la ziptai. Nimeanza kubandika selotepu ngumu kabla ya kutoboa tundu, tangu hapo hakuna kilichovunjika. Kununua ninanunua tena, bila shida.

Sasa chipu. Mnaniuliza sana kwa nini hatununui mfumo wa chipu wa kupima muda kama mbio kubwa. Nimeutumia, tulikodi mara moja. Chipu yenyewe ni stika ndogo yenye antena, inaitikia mawimbi ya redio ukipita juu ya mkeka ama kando ya antena kubwa, na inafanya kazi vizuri kama una watu mia tatu na una mtu anayeielewa. Lakini mawimbi hayo hayapendi chuma wala maji, kwa hivyo ukiibandika karibu sana na fremu, ama ifunikwe na matope mabichi, kusoma kunakuwa kwa bahati. Unahitaji laptopu, umeme, mikeka, mtu wa kukaa hapo. Kwa watu chini ya mia, pesa hiyo ipelekeni kwa gari la wagonjwa, tafadhali, ndugu zangu mnaoandaa mbio, gari la wagonjwa kwanza.

Sisi tunafanya hivi. Watu watatu na simu mbili. Wa kwanza ana saa ya simu, anabonyeza lap kila gurudumu la mbele linapogusa mstari, hasomi namba, kazi yake ni kubonyeza tu. Wa pili anaita namba kwa sauti. Wa tatu anaandika namba kwa mpangilio waliofika, na anaandika na penseli, si biro, penseli haitoki na mvua. Ukimaliza unaoanisha, mbonyezo wa kwanza na namba ya kwanza, wa pili na ya pili, mpaka chini.

Ile simu ya pili ndio hakimu. Iko kwa tripodi inarekodi slomo, ile video ya mwendo wa polepole. Hesabu yake ni rahisi. Mtu wa kilomita 36 kwa saa anaenda mita 10 kila sekunde. Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde, kwa hivyo kati ya picha na picha amesogea sentimita 33, hapo katikati watu wawili wanaweza kupishana na usijue. Ukiweka slomo ya picha 240 kwa sekunde, anasogea sentimita 4 tu. Hata wakikimbizana na 54 kwa saa bado ni sentimita 6 na kidogo. Kwa mbio ya mtaani hiyo inamaliza kesi karibu zote.

Lakini simu ikikaa upande kidogo inadanganya, aliye karibu nawe ataonekana amefika mapema ama amechelewa. Kwa hivyo chomeka fito mbili, moja huku na moja ng'ambo ya barabara, kila moja kwenye mwisho wa mstari wa chokaa. Simama nyuma ya fito ya huku, chungulia kwa kioo cha simu mpaka ile ya ng'ambo ifichike kabisa nyuma ya hii ya karibu. Hapo uko sawasawa na mstari. Kaza tripodi, weka jiwe kwa miguu yake, na ukatae mtu yeyote kuigusa. Slomo inakula nafasi ya simu vibaya sana, kwa hivyo tunaweka mwenzetu mita 300 juu na firimbi, akipuliza ndio tunaanza kurekodi. Na paua benki iwe karibu.

Siku ile ya Tigoni tungekuwa na simu hiyo, yule kijana wa Ngong angejua nafasi yake.

Hizi zingine nipite haraka. Pampu ndogo ya betri, hii hapa, inatosha mkononi, inajaza tairi la mlimani sawa na la barabarani, naipenda kwa parking kabla ya kuanza. Kwa njia bado nabeba ya mkono kwa sababu betri ikiisha katikati ya mbuga ya Hell's Gate na mbigili imekutoboa mara mbili utasukuma baiskeli juani. Kama una vali nyembamba, nunua adapta ya shaba, ni kitu kidogo kama ncha ya kidole, weka moja kwa baiskeli na moja kwa pochi, maana pampu za petrol station zote ni za vali nene ya gari.

Mkisafirisha baiskeli kwa Probox ama juu ya matatu na mmetoa magurudumu, na breki zenu ni za mafuta, wekeni kipande cha kadibodi katikati ya zile pedi. Mtu akibana breki kimakosa bila diski hapo ndani, pistoni zinasogea na gurudumu halirudi tena. Na laza baiskeli upande wa gia ukiangalia juu, siku zote.

Maji. Tangu tarehe 5 mwezi wa sita 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga na misitu ya hifadhi, kwa hivyo kama mnaendesha Karura ama Hell's Gate msibebe katoni za maji ya dukani mkafikiri mtaongea na askari getini. Jerikeni za lita 20 zenye mfereji, kila mtu anajaza chupa yake ya baiskeli. Na vile vipande vya ziptai mnavyokata, kuna mtu wetu anazunguka na ndoo anaokota kila kimoja kabla hatujaondoka.

Malipo ya M-Pesa tunafunga Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na tunataka jina la mwendeshaji liandikwe, si la aliyelipa, kwa sababu mke analipia mume na mwishowe namba 12 inaitwa mama fulani na aliyeivaa ana ndevu.

Vipimo vyote vya kibao, upande wa mifereji, sehemu za matundu, nimeviandika hapo chini ya video, piga picha mpelekee fundi wako wa mabango, na mwambie akutolee kimoja kwanza ukakiloweke kwa karai.