Ngoma ya kale: ipigwe au ikae kabatini?

Lubumbashi tuna Makumbusho ya Taifa, na nyumba nyingi bado zina likembe la babu, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa kila ala ya kale swali ni lilelile: tupige au tuhifadhi?

Violini mbili za Italia zimefuata njia hizo mbili. Ile ya fundi Stradivari ya 1716, iitwayo Messiah, iko ndani ya kioo huko Oxford, haipigwi. Ile ya fundi Guarneri ya 1743, aliyoitumia mpiga violini maarufu Paganini, inatunzwa Genoa lakini hutolewa mara mojamoja ipigwe. Zote bado nzima.

Katanga kabati linashinda kwa jambo moja: mbao. Kiangazi hewa hukauka sana, na filimbi ya mti ikipulizwa hulowa ndani huku nje ikiwa kavu. Hapo ndipo hupasuka. Kwa filimbi sibishani.

Ngoma ni habari nyingine. Ngozi yake huchakaa, fundi huwamba nyingine. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. (Mtunza makumbusho atakunja uso, na ana haki: ngozi kuukuu nayo ni ushahidi.) Likembe ndilo linaloumia zaidi kwa kunyamazishwa. Vyuma vyake husogezwa mbele au nyuma kupata sauti. Vikihama kabatini, nani atajua mzee alivipanga vipi?

Mimi ningefungia filimbi, na marimba zenye vibuyu vilivyokauka. Likembe ningempa mpigaji, baada ya kupima kila chuma na kurekodi sauti yake. Ngoma pia, ila ngozi ya zamani ibaki makumbusho.