SM58 mbili, ya elfu sabini na ya laki tatu na sitini, zote feki

Maiki hizi mbili nilizinunua Kariakoo, maduka tofauti, zote zimeandikwa Shure SM58, maiki ya kuimbia ya kampuni ya Shure. Moja shilingi 70,000, nyingine 360,000. Marekani SM58 orijino huuzwa takriban dola 100, kwa hiyo mpya ya elfu sabini ni feki kabla hujaigusa. Tatizo ni ile ya ghali: watu wanaamini bei kubwa ni dhamana, na ndiyo inayowaumiza zaidi.

Ya 70,000 inajifichua yenyewe kwenye boksi. LC maana yake ndani ya boksi hakuna waya, na SM58 LC haina swichi. Yenye swichi ni SM58S. Hii imeandikwa LC, ina swichi, na humo ndani mna waya wa jeki kubwa.

Ya 360,000 boksi lake ni safi. Kwenye mizani ya jikoni ilisoma gramu 301. Orijino ni 298, kwa hiyo kupima kwa mkono hakutakusaidia. Fungua neti ya kichwani, inazunguka kwa mkono tu na haiharibu kitu. Kapsuli (kile kinachopokea sauti) ya orijino imekaa juu ya mpira: ibonyeze taratibu kwa kidole, inazama kidogo na kurudi. Hii imegandishwa kwa gundi, haichezi kabisa, ndiyo maana kila ukibadilisha mkono spika zinapiga "bum". Nyaya za kapsuli ya orijino ni njano na kijani. Hapa ni nyekundu na nyeusi. Nilipoifungua kapsuli kwenye mpini, mahali pa transfoma nilikuta kipande cha chuma kimebandikwa. Uzito wote ule ulitoka hapo.

Kama una mita ya kupimia umeme, gusa pini za XLR, zile tatu za mkiani unapochomeka waya. Kati ya 2 na 3 usomeke ukinzani mdogo, na pini 1 isiungane na yoyote kati ya hizo mbili. Kwenye ile ya bei rahisi 1 na 3 zimeungwa pamoja, na ukivuta waya wa mita 15 unasikia mngurumo wa umeme muda wote. Mafundi wengi hapo hulaumu mikseri bure.

Dukani omba spika iwashwe. Ongea mbele ya maiki, kisha igeuze uongee upande wa mkia bila kubadilisha umbali. Orijino sauti inaanguka sana. Hii ya ghali mkiani inashika karibu sawa na mbele, kwa hiyo ukisimama na monita (spika inayomwelekea mwimbaji) miguuni inapiga mluzi hata kabla mwimbaji hajasikika. Kwa kwaya au bendi haifai hata kidogo.

Muuzaji akikukatalia kufungua neti, mrudishie maiki yake kabla hujatoa hela.

Ya 70,000: nyota moja, kwa matangazo ya mtaani inasikika. Ya 360,000: sifuri.